Gwata Ipi? Ramani na Huduma kwa Watoto Walio Katika Mazingira Hatarishi



Mkoa wa Pwani una Gwata ya Kibaha na Gwata ya Kisarawe. Fomu ya mtoto yatima iliyoandikwa “Gwata” tu haitamfikisha mhudumu mlangoni kwake. Lakini simu ya kisasa inaweza kusoma latitudo na longitudo ya nyumba, na hapo hakuna tena Gwata mbili.

Ramani ya huduma hujengwa kwa tabaka. Kwanza tunaweka huduma zilizopo: zahanati, shule, visima, ofisi ya kijiji, kigango. Pili, njia na mito. Tatu, kwa siri, kaya zenye watoto wanaohitaji msaada: yatima, wenye ulemavu, wanaolelewa na bibi mzee. Tabaka zikikutana, pengo huonekana. Zahanati iliyo kilomita 5 kwa mstari ulionyooka yaweza kuwa mbali zaidi kwa miguu, na katika bonde la Mto Ruvu masika huweza kukata njia kabisa. Orodha ya majina haionyeshi hilo. Ramani huonyesha wapi huduma ya mkoba ipelekwe, na kabla ya mvua.

Mfano upo mkoani Mara. Tangu 2015, wanaojitolea wa Crowd2Map wamechora barabara na nyumba za vijiji kutokana na picha za satelaiti, na wenyeji wakaongeza majina. Shirika la Hope for Girls and Women, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, hutumia ramani hizo kuwafikia mabinti walio hatarini kukeketwa na kuwapeleka nyumba salama. Pale, kujua njia mapema ni kumwokoa binti.

Kwetu, jumuiya ndogo ndogo tayari zinazo sehemu ya ramani hiyo vichwani. Wanajumuiya husali nyumba kwa nyumba. Wanajua mlango wa nani haufunguliwi. Ujuzi huo, ukiunganishwa na wa mwenyekiti wa kitongoji na afisa ustawi wa jamii, huzaa ramani iliyo hai, maana watoto huhama na walezi hufariki.

Hata hivyo, ramani ile ile inayomwongoza msamaria yaweza kumwongoza mnyanyasaji. Tabaka la huduma libandikwe hadharani. Tabaka la watoto libaki kwa afisa ustawi wa jamii na wachache waliokabidhiwa. Tusibandike majina kanisani wala kuyatuma kwenye makundi ya simu. Sheria ya Mtoto ya 2009 yataka maslahi ya mtoto yatangulie. Na mtoto akiwa hatarini leo, tusingoje ramani: tupige 116 bila malipo.

Mchungaji mwema huwajua kondoo wake kwa majina. Sisi tuongeze kujua njia ya kuwafikia.