MISTARI MYEUSI JUU YA TELE: TUIACHE AO TUIONDOE?



Kila siku ya posho jioni, kama gurupu iko na mafuta, maneno yanaanza hata mbele ya filme: "Kapita, ondoa ile nyeusi! Tele iko kubwa, filme iko kidogo, namna gani?" Mwingine anarukia telekomandi, anaminya, picha inajaa kioo kizima, makofi! Halafu sisi makapita tunarudisha mistari, na tunachukiwa. Tujibu hapa kwa karatasi, maana ndani ya chumba hakuna anayesikiliza.

Filme hazina umbo moja. Tele ya sanduku iliyo internati ni 4/3, yaani upana sehemu nne, kimo sehemu tatu. Ile bapa ya chumba kikubwa ni 16/9. Filme za zamani zilikuwa karibu na 4/3. Lakini tele zilipoingia nyumbani huko Marekani, watu wakapunguza kwenda sinema, na wenye filme wakatafuta kitu ambacho tele haina: upana. Mwaka 1953 kampuni ya Fox ilitoa The Robe kwa CinemaScope, upana mara mbili na nusu ya kimo. Ben-Hur ya 1959 ikazidi: 2.76 kwa 1.

Sasa fanyeni hesabu. Ukitaka Ben-Hur ijaze tele ya 4/3 bila kuharibu sura za watu, inabaki chini ya nusu ya picha. Gari moja la farasi linaonekana, lile linalolikaribia haliko. Wakati wa kaseti, makampuni yalifanya kazi hiyo yenyewe: fundi anachagua kipande cha kuonyesha, kioo kinajaa, na mnunuzi anafurahi kwamba hakupunjwa. Kumbe mistari haifuniki kitu! Chini yake hamna picha. (Kuko pia filme ambazo kamera ilichukua zaidi juu na chini, na kaseti iliyojaa inaonyesha hata mikro juu ya kichwa cha mchezaji. Mwenye filme hakutaka tuione.)

Tuje kwetu. John Huston alichukua sehemu ya The African Queen mwaka 1951 kule Biondo, kwenye mto Ruiki, pamoja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Ni miaka miwili mbele ya CinemaScope, basi iko karibu na 4/3. Juu ya tele bapa mistari inasimama kuume na kushoto, na ni haki yake. Ukiminya zumu, robo ya kimo inakwenda: miti inakatwa vichwa, mashua inakosa maji. Ukivuta picha kwa pembeni, Bogart, mtu mwembamba, ananenepa kwa theluthi moja.

En route pour le milliard ya Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, ni ya 2020 na ni pana. Inafuata wahanga wa Vita vya Siku Sita, Juni 2000, wanaoshuka mto mpaka Kinshasa kuomba malipo yao. Mashua imejaa. Wengine hawana mguu, wengine mkono. Picha ya 16/9 ikijaza tele ya internati, robo ya upana inaanguka, na aliyeketi pembeni hayuko tena. Wale ni watu wa mji huu, na walikwenda Kinshasa ili waonekane. Hapo hatukubali hata mtu akilia.

Wa nyuma wana neno la haki: filme pana sana inapoteza karibu robo ya kimo cha tele bapa, na maandishi ya Kifaransa yanakuwa madogo. Lakini ukiminya zumu maandishi yenyewe yanaweza kuanguka nje, na hapo mtasoma nini?

Basi kila mara tafuteni gurudumu ao saa ya ukuta ndani ya picha. Kama iko kama yai, picha imevutwa, minyeni tena mpaka iwe mviringo. Halafu angalieni vichwa na maandishi. Kama vyote viko, telekomandi irudi mezani, na wa nyuma walete mabenchi mbele.