Hedifoni Inayojaa Upesi Mno: Saa za Kuchaji Zatueleza Nini?

Mtu apitaye siku hizi katika maduka ya simu ya mjini Kampala, kuanzia Kampala Road na kuteremka hadi William Street na Luwum Street, hakosi kuona hedifoni zisizo na waya zimetundikwa milangoni kama mikungu ya ndizi. Ziko kubwa za kufunika masikio, na ziko ndogo za kutia sikioni, ambazo hulala katika kikasha chake kama mayai mawili katika kiota. Mwanafunzi huzitumia kusikiliza masomo, na mama wa nyumbani husikiliza taarifa ya habari huku akimenya matoke. Anapokwenda kununua, mteja huuliza bei kwanza, kisha sauti. Muda wa kuchaji huulizwa mara chache, na pale unapoulizwa, muuzaji wa vitu vilivyokwisha kutumika hujibu kwa fahari, "Hii yajaa kwa nusu saa tu!" Mteja hufurahi, akatoa fedha. Kumbe jibu lile lile ndilo lililopasa kumfanya azirudishe mfukoni.

Ili tuelewe kwa nini, yafaa tutazame kwanza kilichomo ndani. Hedifoni hizi hubeba betri ndogo ya lithiamu, ya jamii moja na betri ya simu. Betri ya namna hii ilitokana na kazi ya miaka mingi ya wataalamu kadhaa. Watatu kati yao, Stanley Whittingham, John Goodenough na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019.

Kampuni ya Sony ya Japani ndiyo iliyoanza kuziuza, mwaka 1991. Nasi wa sehemu hizi tusidhani kwamba jambo hili ni la mbali, kwa maana zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini yatumiwayo katika nyingi ya betri hizi, huchimbwa kwa jirani zetu wa Kongo, hasa upande wa Kolwezi.

Umeme utokao ukutani una nguvu ya volti 240. Chaja huupunguza ukawa volti 5, na ndani ya hedifoni kuna kidude kingine kiupimiacho betri kwa hadhari. Hapa ndipo ulipo ufunguo wa habari yetu, kwa kuwa betri ya lithiamu haijazwi kwa mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Msomaji na aikumbuke taksi ya abiria 14 katika kituo cha Old Taxi Park. Ikiwa tupu, abiria wa kwanza huingia na kuketi upesi, kila mmoja apendapo. Wakibaki wawili au watatu, kazi huwa nyingine: huyu ainuke, yule asogee, mzigo upakatwe. Betri nayo hupokea umeme kwa kasi hadi volti zake zifikie 4.2, wakati ambapo imekwisha kujaa kiasi cha robo tatu au zaidi kidogo. Baada ya hapo umeme hupunguzwa hatua kwa hatua, na sehemu ndogo iliyosalia huchukua muda mrefu kuliko ukubwa wake. Kuilazimisha ni kuiharibu.

Basi, muda wenyewe ni kiasi gani? Hedifoni ndogo za sikioni huchukua aghalabu saa moja hadi saa moja na nusu zikiwa ndani ya kikasha, na kikasha chenyewe saa mbili hivi. Zile kubwa huchukua saa mbili hadi tatu na nusu. Kwa mfano, JBL Tune 510BT, yasema kampuni yake, hujaa kwa saa 2 na kucheza hadi saa 40. Sony WH-1000XM4 huhitaji saa 3 hivi, na hucheza hadi saa 30 hali imewashwa ile mashine yake ya kuzuia makelele ya nje. Nambari hizi ni za kitu kipya, chenye waya mzuri na chaja nzuri.

Asiye na karatasi ya maelezo aweza kukadiria mwenyewe kwa hesabu ya darasa la tano. Ujazo wa betri huandikwa kwa miliampia-saa, kwa kifupi mAh. Tuseme betri ni ya mAh 600, na hedifoni hupokea miliampia 300. Gawanya 600 kwa 300, upate saa 2. Ongeza nusu saa au zaidi kwa ajili ya mwendo wa polepole wa mwisho, nawe umekaribia ukweli. Kwa hesabu hiyo hiyo, kikasha cha mAh 400 chenye hedifoni mbili za mAh 40 kila moja kingepasa kuzijaza mara tano. Lakini umeme mwingine hupotea njiani ukigeuka joto, na kwa hiyo ni mara tatu au nne tu. Anayetangaziwa mara kumi na aombe kuoneshwa ujazo wa kikasha.

Sasa turudi kwa muuzaji wetu wa nusu saa. Kila betri ya lithiamu huzeeka, iwe yatumika au imewekwa kabatini. Kwa kawaida, baada ya kujazwa na kumalizwa kabisa mara 300 hadi 500, ujazo wake huwa umepungua kwa kiasi kinachoonekana. Jerikeni ya lita 20 iliyojaa mchanga hadi nusu hujaa maji upesi kuliko ilipokuwa safi, na hakuna mwenye akili awezaye kuisifu kwa hilo. Hedifoni iliyohitaji saa tatu ilipokuwa mpya, na leo taa yake yaonyesha imejaa kwa saa moja, haikupata nguvu mpya. Imepungukiwa na nafasi ya kuwekea umeme. Ijaribu, nawe utaona kwamba badala ya kucheza siku nzima yazimika kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo anunuaye kitu kilichotumika asiridhike na kusikia wimbo mmoja dukani. Na aulize aina yake, atafute muda wa kuchaji uliotajwa na kampuni, kisha alinganishe. Kujaa upesi kupita kiasi ni dalili ya uzee.

Isichanganywe dalili hii na ile sifa ya kweli ya kuchaji haraka, ambayo baadhi ya hedifoni mpya zinayo. Sony tuliyoitaja ikichajiwa dakika 10 kwa chaja ifaayo hucheza hadi saa 5, na ile ya JBL dakika 5 huipa saa 2. Huko ni kuitumia sehemu ya mwanzo ya safari, ile ya abiria wa kwanza. Wala hakuna asemaye kwamba betri imejaa.

Upande wa pili kuna hedifoni zichelewazo. Hapa sababu mara nyingi si betri. Waya uliochakaa, tundu lililojaa vumbi, au chaja dhaifu vyatosha kuongeza saa nzima. Kwa zile ndogo, nta ya masikio hushika kwenye vishikizo vya shaba, na hedifoni moja hubaki tupu huku mwenzake imejaa. Ifute kwa kitambaa kikavu au kijiti chenye pamba. Usitumie maji wala pini. Yako mambo mengine mawili ambayo yamewafanya wengi kudhani kitu chao kimekufa. La kwanza, baadhi ya hedifoni za bei nafuu hazichaji kwa waya wenye ncha mbili za aina ya C, bali hukubali ule wenye ncha pana ya zamani upande wa chaja. La pili, baadhi ya benki za umeme za mfukoni hujizima zenyewe, kwa sababu hedifoni ndogo huvuta umeme kidogo mno hata benki ikadhani hakuna kilichounganishwa. Mtu huiacha usiku kucha, asubuhi akakuta hakuna kitu.

Wengi huuliza kama chaja kubwa ya simu mpya itaharakisha kazi au kuunguza hedifoni. Ikiwa ni chaja ya kweli, haifanyi lolote kati ya hayo. Hedifoni huchukua kiasi inachokitaka, kama mtoto anywaye kikombe kimoja cha uji ijapokuwa sufuria ni kubwa. Hatari imo katika chaja za bandia, ambazo volti zake hupanda na kushuka.

Mjini mwetu neno la umeme halikosi katika mazungumzo haya. Bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. La Karuma, lenye uwezo wa megawati 600, lilizinduliwa rasmi mwezi Septemba 2024. Na tangu tarehe 1 Aprili 2025 kazi ya kusambaza umeme iliyokuwa ya Umeme imerudi mikononi mwa shirika la umma, UEDCL. Hata hivyo umeme kuwapo bwawani ni jambo moja, na kufika mtaani baada ya mvua kubwa ni jambo la pili. Kwa sababu hiyo watu wamejenga desturi ya kungoja hedifoni iishe kabisa, kisha kuichaji usiku kucha umeme urudipo. Desturi hii ilifaa kwa betri za nikeli za zamani. Betri ya lithiamu hupenda kinyume chake: kuchajiwa kidogo kidogo, isishuke hadi sifuri, wala isikae siku nyingi ikiwa imejaa pomoni. Nusu saa wakati chakula kikipikwa, na nusu saa nyingine wakati wa kuoga, humfaa mwenye nyumba kuliko saa nane za usiku. Tena umeme ukikatika katikati, yeye amekwisha kuipata ile sehemu ya haraka.

Kuhusu gharama asiwe na wasiwasi mwenye kuhesabu uniti za Yaka. Betri ya mAh 600 hubeba umeme wa wati-saa 2 na kidogo. Tukiongeza upotevu, tuseme 3. Uniti moja ni wati-saa 1,000. Yaani uniti moja, ambayo bei yake haifiki shilingi 1,000, yatosha kuijaza zaidi ya mara 300. Kinacholiwa ni hedifoni yenyewe, kwa kuwa nyingi ya zile ndogo zimegandishwa kwa gundi, na betri ikifa hazifunguliki bila kuvunjika. Zile kubwa fundi aweza kuzifungua na kuunga betri nyingine, naye mwenye nazo na aulize bei ya kazi hiyo kabla ya kukimbilia mpya.

Joto ndilo adui mkubwa. Wataalamu huonya kwamba betri hizi zisichajiwe penye joto lipitalo nyuzi 45, na kioo cha mbele cha gari lililoachwa juani hufika huko bila shida. Chini ya mto wa kulalia pia si mahali pake, kwa kuwa godoro huzuia joto lisitoke. Meza tupu au sakafu yafaa. Watoto na wafundishwe kuzivua wakati wa kuchaji. Nayo masikio yatapata mapumziko, kwani Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asipite saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80.

Ikionekana kwamba hedifoni imevimba, imepasuka kwenye maungio, au yapata moto hata isipochajiwa, ichomolewe na isitumiwe tena. Isitupwe katika shimo la taka ambalo huchomwa moto jioni nyuma ya nyumba, kwa maana betri ya lithiamu ikipata moto hulipuka, na moshi wake ni sumu kwa aliyesimama karibu. Iwekwe katika mkebe wenye mchanga mkavu, mbali na jiko, hadi ipelekwe kwa wanaokusanya taka za vyombo vya umeme.