Mndimu Ulinywea, Mnazi Ukapona

Msomaji mmoja wa Nyali, Mombasa, ameniletea swali ambalo sijaweza kuliweka chini. Paa lake la vigae lilikuwa limeshika weusi, akaita vijana wakalipiga dawa na kulisuuza, na jioni vigae vikang'aa kama vimetoka tanuruni. Wiki haikwisha, mndimu ulio chini ya mchirizi wa paa ukaanza kukauka kutoka nchani mwa majani, yasmini ikafuata. Lakini mnazi uliopo hatua tatu tu kutoka hapo haukudondosha hata kuti. Anauliza: mnazi una nini?

Weusi ule ni mwani na kuvu. Vigae vya udongo hunywa maji na kukaa na unyevu, basi viumbe hivyo hustarehe hapo. Sina zaidi la kusema juu yao. Wala sitakaa kwenye madoa meupe yanayotokea dawa ikirukia jani, kwa sababu hapo dawa huunguza umbijani, ile rangi ya kijani ya jani, waziwazi na kila mtu huona siku ileile. Kilichoupiga mndimu kilichukua siku kadhaa, na kuchelewa huko ndiko kunakosema mengi.

Dawa yenyewe ni hipokloriti ya sodiamu, ile tunayofulia nguo nyeupe na kuiita Jik hata kama chupa imeandikwa jina jingine. Huua kuvu, hung'arisha, kisha jua likiipiga huvunjika. Ikivunjika huwa nini? Oksijeni, ambayo hupaa zake, na chumvi. Chumvi hii hii ya kutia kwenye ugali wa muhogo na mchuzi wa samaki! Tena kiwandani dawa hii hutengenezwa kwa kuchanganya klorini na sodiamu hidroksidi, na katika mchanganyiko huo chumvi nyingine huzaliwa na kwa kawaida hubaki humo humo. Nimepiga hesabu: dumu la lita 20 la dawa ya asilimia 3.5, mambo yote yakiisha, huacha zaidi ya kilo moja ya chumvi. Kwa kila lita ni gramu 55 hivi. Maji ya bahari yana gramu 35. Kwa hiyo yule kijana aliyepanda ngazi na dumu begani alipandisha juu ya paa kitu ambacho, kabla hakijazimuliwa, kina chumvi inayoishinda Bahari ya Hindi, na mchirizi ukakusanya yote na kuyamimina mahali pamoja: kwenye shina la mndimu.

Sasa twende jikoni, maana jibu liko kwenye bakuli la kachumbari. Chukua kitunguu, ukikate vipande vyembamba. Kila kipande ni kigumu, kikikunjwa huvunjika kwa mlio. Kinyunyizie chumvi, kisugue kidogo, kiache. Baada ya dakika kumi bakuli lina maji ambayo hukuyatia wewe. Yametoka wapi? Kwenye kitunguu chenyewe. Na kitunguu sasa kimelegea, unaweza kukizungushia kidole kama uzi. Unakikamua, unakisuuza, ukali umekwenda na yale maji, ndipo nyanya na pilipili zinaingia. Bibi zetu wamefanya hivi miaka na miaka, na hakuna maabara iliyo safi kuliko bakuli lile.

Kila seli ya mmea ni kiriba ndani ya sanduku. Sanduku ni ukuta wa seli, na kiriba ni utando laini uliojaa maji, sukari na madini. Utando huo huachia maji yapite huku na huku, lakini chumvi huibania. Na maji yana tabia moja: huelekea kule kulikoyeyuka vitu vingi zaidi. Mmea ukiwa na afya, wingi huo uko ndani, basi maji huingia, kiriba hutuna na kuusukuma ukuta kwa nguvu ambayo mara nyingi huzidi ile ya upepo ndani ya tairi la gari. Jani la mchicha halina mfupa. Linasimama kwa msukumo huo tu. Mwaka 1748 Mfaransa Jean-Antoine Nollet alifunika chombo cha pombe kali kwa kibofu cha nguruwe, akakizamisha majini. Kibofu kikatuna, kikatuna, kwa maji yaliyojipenyeza kuifuata pombe. Ni mwendo huo huo.

Nje kukizidi chumvi, msafara hugeuka. Maji hutoka, kiriba husinyaa na kujibandua ukutani, na sanduku hubaki nusu tupu. Vitabu huliita tukio hili plazmolisisi, neno ambalo mwanafunzi hulikariri bila kuona kitu. Kiswahili kinalo neno lake, ila hatujalipa kazi. Kunyauka si lenyewe, maana jani hunyauka hata kwa jua la mchana na jioni likainuka. Kusinyaa ni kwa ngozi na nguo. Lakini kunywea! Mtu aliyepungua mwili husemwa amenywea, na sikioni neno hilo linakaa jirani kabisa na kunywa: seli imenywewa maji yake, ikanywea. Napendekeza tuseme *mnyweo*. Mwalimu akiandika ubaoni "mnyweo wa seli", mtoto wa darasani atakiona kile kitunguu.

Mizizi ya mndimu, basi, ilikuwa vipande vya kitunguu ndani ya bakuli la chumvi. Udongo ulikuwa umelowa, ukiubinya unachuruzika, na mti ukateswa na kiu ndani yake. Jamii ya ndimu na machungwa ni dhaifu sana mbele ya kloridi iliyomo katika chumvi: huifyonza, huirundika majanini, na ncha za majani huungua kwanza, sawasawa na alivyoeleza msomaji. Mnazi ni kinyume chake. Mnazi unaihitaji kloridi ili kufungua na kufunga vitundu vya kupumulia vya makuti yake, na Ufilipino wakulima huwekea minazi chumvi kama mbolea. Kilichoudhuru mmoja kilikuwa chakula cha mwingine.

Ndiyo maana fundi hodari huanza na mpira wa maji, hata kabla ya ngazi. Udongo mkavu hunywa chochote kinachoufikia kwanza. Ushibishe maji matamu mpaka usipokee tena, na dawa itakayofuata itajikuta imezimuliwa au inateleza juu. Lowesha majani pia, endelea wakati kazi inafanyika, na mdomo wa mchirizi uelekeze kwenye bomba au pipa, mbali na kitalu. Nailoni ya kufunikia mimea iondolewe mara kazi ikiisha, kwani chini ya jua la Mombasa majani huchemka humo. Kuna wanaonyunyiza thiosulfati. Huizima klorini kweli, lakini chumvi haiigusi.

Chumvi ikishaingia, dawa yake ni maji mengi yanayopita na kwenda chini. Sentimita 15 za maji huondoa takriban nusu yake kwenye udongo usiotuamisha. Hiyo ni lita 150 kwa kila mita ya mraba, madumu saba na nusu. Ni mengi kwa anayenunua maji, hivyo ningeosha paa wiki chache kabla ya masika kukolea, mvua za Aprili na Mei zimalizie suuza. Tangi la maji ya mvua lifungwe kwanza, na dawa isichanganywe na siki wala asidi, hutoa gesi ya sumu.

Kwa mndimu wa Nyali: kwangua gome kwa ukucha karibu na shina. Pakiwa kijani, usikate kitu; mwaga maji asubuhi na jioni, mbali kidogo na shina kuzunguka mizizi, na usitie mbolea mpaka majani mapya yachipue, kwa kuwa mbolea nayo ni chumvi.