Kabla Hujaforwadi Hiyo Picha, Ikague

Wanachuo wenzangu, kila wiki kuna mtu ananiletea simu na swali lilelile: "Oya, hiki nini kwenye picha?" Napiga picha za mahafali, harusi na misiba tangu mwaka wa kwanza, ndizo zinazonisogeza bumu likichelewa, kwa hiyo alama hizi nimezizoea. Mara kidoa cha kijani kinaelea juu ya paa, mara ukungu mweupe umefunika sura za watu, mara viduara vyeupe vimezagaa gizani. Zote zinaletwa na mwanga, ila kwa njia tofauti, na kuzitenganisha ni kazi ya dakika tano.

Kioo kitupu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso wake, na lenzi ina vioo kadhaa vilivyopangana. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss, Ujerumani, alibuni utando mwembamba wa kupunguza mwanga huo unaorudi. Lenzi za leo zina utando wa aina hiyo, lakini taa kali au jua bado vinaushinda. Almasi ya Mwadui tunaipenda kwa sababu mwanga unagongagonga ndani yake kabla ya kutoka. Ndani ya lenzi, tabia hiyohiyo inaharibu picha.

Tuanze na kidoa. Chukua picha halisi, isiyokatwa pembeni, utafute taa au jua lilipo. Vuta mstari kutoka hapo upite katikati kabisa ya picha. Ukikuta kidoa upande wa pili, umbali uleule, basi hiyo ni taswira ya taa iliyorudi ndani ya lenzi. Sogeza simu kidogo upige tena, nacho kitahama.

Ukungu au michirizi? Futa kioo cha kamera kwanza, maana mafuta ya chipsi yanatawanya mwanga vizuri sana. Ukibaki, toa kava na ile protekta ya kamera. Bado upo? Kinga jua kwa kiganja, au geuka.

Viduara vyeupe vya usiku ni vumbi. Flashi ya simu iko jirani na lenzi, inamulika chembe zinazoelea karibu nayo kabisa, na kwa kuwa lenzi inalenga mbali, kila chembe inatokea kama duara. Kiangazi cha Kahama na Geita, ukiwa jirani na karasha za kusagia mawe ya dhahabu, utavipata bila kuvitafuta. Piga palepale bila flashi: vimepotea. Piga mara tatu na flashi: kila picha vimehamia kwingine.

Macho mekundu nayo ni flashi. Gizani mboni hufunguka, mwanga unaingia mpaka nyuma ya jicho na kurudi na rangi ya damu iliyoko kule.

Sasa kwa nini nasumbuka na haya yote? Likizo iliyopita, kwenye kundi letu la ukoo, ilitumwa picha ya msibani usiku. Bibi mmoja amekaa kwenye mkeka, macho yanawaka mekundu, kiduara kikubwa kipo juu ya bega lake. Mtu akaandika, "Mnaona wenyewe." Wengine wakaanza kuitikia.

Sisi wa Shinyanga na Geita tunajua maneno kama hayo yanaishia wapi. Kwa miaka mingi vikongwe wameuawa huku kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakahesabiwa ushahidi, wakati wengi wao wamepika maisha yao yote kwenye moshi wa kuni na samadi ya ng'ombe. Leo simu inaweza kumpa macho hayo hata bibi ambaye hana.

Nilimwomba binamu aliyepiga anitumie picha zote za usiku ule. Iliyotangulia, kiduara kipo juu ya sufuria. Iliyofuata, viko viwili, kimoja kwenye goti la mtoto, na mtoto mwenyewe macho mekundu kuliko ya bibi. Nikazituma zote tatu kwenye kundi: "Shikamooni wazee. Mjomba, naomba utazame hizi kwa mpangilio, halafu zima taa hapo nyumbani upige picha na flashi uone." Baada ya nusu saa mjomba akajibu, "Marahaba mwanangu. Hata mimi nimetoka navyo." Ile picha ya kwanza ikafutwa.

Ninyi mnaoenda likizo, nyumbani mnaitwa wasomi, na picha ya namna hii mtaletewa. Mtu hashawishiki kwa kuchekwa. Ombeni picha halisi, ya kabla yake na ya baada yake, kisha rudini palepale mpige tena mbele ya mwenye wasiwasi, yeye mwenyewe akiwa ameshika simu.