Majira ya nyanda za juu: Shairi na mchoro vikae pamoja

SHUKRANI zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeyapa majira zamu zake na kila zamu akaivika rangi yake. Ndugu msomaji, leo tuzungumzie jambo linaloonekana dogo lakini lenye faida kubwa kwa vijana wetu wa Mbeya na Iringa, nalo ni kuyaeleza maumbile kwa sanaa mbili zilizokaa pamoja: shairi na mchoro.

Jambo hili si geni duniani. Huko China na Japani, kwa karne nyingi mchoraji alichora mlima, maua au theluji, kisha beti chache zikaandikwa juu ya karatasi hiyo hiyo. Katika nchi za Kiislamu, mwaka 1237, Yahya al-Wasiti alimaliza kunakili Maqamat ya al-Hariri, kitabu cha nathari yenye vina, akakipamba kwa picha alizozichora mwenyewe.

Sisi tunazo sanaa zote mbili, ila zimeishi nyumba mbalimbali. Mashairi yalipata baraza katika magazeti kama Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Uchoraji nao ulipata jina kwa Edward Saidi Tingatinga, mwenyeji wa Tunduru, aliyeanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za dukani juu ya vipande vya hadibodi. Shairi likaenda kwa msomaji, mchoro ukaenda kwa mtalii, na ni nadra viwili hivi kukutana.

Majira yetu si ya pwani

Ushairi wa Kiswahili ulilelewa pwani, na majira yake ni ya kaskazi na kusi, ya vuli na masika. Nyanda za Juu Kusini hazina vuli na masika zilizotengana. Mvua yetu ni moja, huanza Novemba na kuishia Aprili au Mei. Juni hadi Agosti ni kipupwe, na asubuhi nyingine uwandani Kitulo majani huwa meupe kwa sakitu. Septemba na Oktoba ni ukavu, upepo na moshi wa nyasi zinazoungua. Hata hivyo, katika ukavu huo huo, kabla ya tone la kwanza, miombo ya Iringa huchipua majani mekundu kama shaba. Tukuyu nako kuna habari nyingine, kwani mvua yake ni zaidi ya mara mbili ya ile ya Iringa mjini.

Je, ni nani ameyaandika haya kwa vina na mizani? Kijana wetu akiambiwa atunge shairi la maumbile, mara nyingi hutaja minazi na mawimbi ambayo hajapata kuyaona. Mathias Mnyampala, mtu wa Dodoma, alithibitisha kwamba bara nako hutoka malenga. Basi nasi tusione haya kuyatunga ya kwetu.

Somo la Kitulo

Uwanda wa Kitulo uko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, baina ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Mwaka 2005 ulifanywa rasmi Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Una aina zipatazo 350 za mimea, na miongoni mwake 45 ni okidi.

Hapa ndipo penye jambo la kutuhuzunisha. Okidi hizo zina viazi chini ya ardhi. Kwa miaka mingi viazi hivyo vimechimbwa na kuvushwa hadi Zambia, ambako hupondwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa kitoweo kiitwacho chikanda. Wachimbaji wengi ni watu wa kipato kidogo, na hatuwatukani. Lakini aking'oa kiazi mtu huondoa ua la mwaka huu na maua ya miaka ijayo.

Sasa tazama, ndugu msomaji. Mchoraji akienda Kitulo mwezi Februari atachora ua. Akirudi Agosti atachora nyasi zilizokauka, na mtazamaji atadhani hapana kitu. Mchoro hushika saa moja tu. Shairi ndilo liwezalo kusema kwamba chini ya nyasi zile uhai umelala ukingoja mvua. Kadhalika shairi peke yake haliwezi kumwonyesha asiyefika Kitulo wekundu au umanjano wa ua lile. Kila kimoja kina upungufu ambao mwenzake huufidia.

Vipi kuhusu hukumu ya kuchora?

Baadhi ya wazazi huwazuia watoto wao kuchora kabisa. Wanavyuoni wamehitilafiana kuhusu picha za viumbe wenye roho, na hapa si mahali pa kurefusha mjadala huo. Lakini imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Ibn Abbas alijiwa na mtu ambaye riziki yake ilitokana na kuchora. Baada ya kumpa onyo, alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Basi mlima, mto, jani na ua ni uwanja mpana, na mzazi hana sababu ya kuufunga.

Nasaha yangu kwa walimu wa shule na madrasa ni hii. Mpeni kila mwanafunzi mahali pamoja pa kutazama mwaka mzima, uwe mgomba au kilima. Achore mara nne, na kila mchoro autungie ubeti mmoja na kuandika tarehe. Mwisho wa mwaka atakuwa na beti nne na michoro minne, na atakuwa ameijua ardhi yake. Aliyekitazama kitu kwa mwaka mzima huona uzito kuking'oa.

Wabillahi tawfiq.