Kabla ya Kununua Mota, Pima Fremu

Baiskeli ya changarawe imepata wapenzi wengi Kenya katika miaka ya karibuni, hasa tangu mashindano ya Migration Gravel Race yaanze katika eneo la Maasai Mara mwaka 2021. Ina matairi mapana, fremu imara, na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Kwenye lami inakimbia, kwenye murram haisumbuki. Si ajabu basi kwamba wenye baiskeli hizi sasa wanauliza kama wanaweza kuzifungia mota ya umeme, waende nazo kazini na kufika bila kulowa jasho.

Inawezekana, tena inafaa sana. Lakini karibu kila anayeuliza huanza na wati: ninunue mota ya wati ngapi? Swali hilo lingepaswa kuja mwisho. Kinachoamua mota ni fremu uliyo nayo, na asiyeipima kwanza hujikuta na sanduku la vifaa visivyoingia popote.

Suala la wati tulimalize haraka. Chukua mzigo wa kilo 100: mwendeshaji, baiskeli, betri na begi la kazini. Kwenye tambarare isiyo na upepo, mwendo wa kilomita 20 kwa saa unahitaji takriban wati 85, na mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kutoa kiasi hicho bila kutweta. Mpeleke kwenye mlima wa asilimia 5, yaani unaopanda mita 5 kwa kila mita 100 za barabara, na mwendo uleule utahitaji kama wati 350. Pengo hilo la wati 250 hivi linazibwa na mota ya wati 250, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa kwa baiskeli ya umeme na sheria za Umoja wa Ulaya, ambazo pia hutaka mota iache kusukuma kasi ikifika kilomita 25 kwa saa. Anayetaka wati 1,000 anataka pikipiki, na fremu hii haikuundwa kubeba pikipiki.

Sasa twende kwenye fremu. Mota hufungwa sehemu tatu: gurudumu la mbele, gurudumu la nyuma, au pale kwenye pedali, krenki inapopita.

Ya mbele ndiyo rahisi kufunga, na ndiyo ninayoikataa kwa baiskeli nyingi za aina hii. Mota ya gurudumu inapolisukuma gurudumu mbele, ekseli nayo inataka kujizungusha nyuma, na kinachoizuia ni kingo mbili ndogo kwenye ncha za uma. Uma wa chuma hustahimili, hasa ukiongeza kipande cha chuma cha kuibana ekseli isizunguke. Uma wa baiskeli ya changarawe kwa kawaida ni wa kaboni. Kaboni haipindi ikakuonya. Inapasuka, na gurudumu la mbele likitoka, ni uso wako unaotangulia chini.

Ya nyuma ina tatizo jingine. Mota nyingi zinazouzwa zina ekseli ya nati, iliyochongwa bapa pande mbili hadi milimita 10 ili ikae kwenye mwanya wa fremu ulio wazi. Fremu nyingi mpya za changarawe hazina mwanya. Zina matundu yaliyozungukwa na chuma au kaboni, na ekseli nene ya milimita 12 hupitishwa ubavuni kisha ikakazwa. Mota ya kawaida haiingii hapo. Zipo zilizotengenezwa kwa ekseli hizo, lakini ni chache. Fundi akikuambia atachonga fremu kidogo ili mota iingie, chukua baiskeli yako uondoke.

Inabaki mota ya krenki, na kwa miji ya milima kama Nairobi au Kigali ndiyo chaguo langu. Nguvu yake hupita kwenye mnyororo na gia zako mwenyewe. Ukiukuta mlima unashusha gia, mota inaendelea kuzunguka kwa kasi inayoifaa. Mota ya gurudumu haina msaada huo: mlima ukiipunguzia kasi sana, umeme mwingi unageuka joto, na joto likizidi huunguza nyaya zilizo ndani. Kwa Mombasa au Dar es Salaam, ambako sehemu kubwa ya njia ni tambarare, mota ya nyuma inatosha, na mnyororo utadumu zaidi kwa sababu haubebi nguvu ya mota.

Mota ya krenki nayo ina masharti. Zile zinazojulikana sana, kama Bafang BBS02, hutaka bomba la krenki lenye nyuzi za skrubu ndani na upana wa milimita 68 hadi 73. Fremu nyingi za kaboni hazina nyuzi, beringi zake hubanwa tu ndani ya tundu kubwa zaidi. Kisha kuna mabomba mawili yanayotoka hapo kwenda gurudumu la nyuma. Kwenye baiskeli ya changarawe yametanuliwa ili yapishe tairi pana, na kasha la gia la mota linaweza kuyagonga. Njia ya kujua ni rahisi: kata kadibodi kwa vipimo vilivyo kwenye mchoro wa mtengenezaji, ishikilie kwenye bomba la krenki upande wa mnyororo, uizungushe polepole. Kadibodi ikigusa fremu, mota pia itagusa.

Usukani unahitaji uangalifu wake. Seti nyingi za mota huja na mikono ya breki yenye swichi ya kukata umeme, lakini imetengenezwa kwa usukani ulionyooka wa kipenyo cha milimita 22.2. Usukani wako ni mnene zaidi, na mkono mmoja unafanya kazi ya breki na ya gia. Usiubadilishe. Weka kihisi cha sumaku kwenye waya wa breki. Wapo wanaoacha swichi hiyo kabisa, na hapo nasema wanakosea, kwa sababu mota inayotegemea mzunguko wa pedali huendelea kusukuma kwa kitambo kidogo baada ya miguu kusimama. Zikague breki zenyewe pia. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 20 hadi 30 kwa saa, nishati inayopaswa kumezwa na breki huongezeka zaidi ya mara mbili.

Betri ndiyo ghali kuliko vyote. Ukubwa wake hupatikana kwa kuzidisha volti na ampea-saa: volti 36 kwa ampea-saa 14 ni wati-saa 504. Mwendeshaji anayekanyaga pedali kwa bidii ya wastani hutumia kama wati-saa 10 kwa kilomita. Anayetoka Ngong kwenda katikati ya Nairobi, kilomita 20 na ushei, asubuhi anateremka zaidi na kutumia kidogo. Jioni anarudi mahali palipo juu zaidi kwa takriban mita 250, na kuinua kilo 100 kimo hicho pekee ni wati-saa 70, bila kuhesabu zinazopotea kwenye mota. Betri ya wati-saa 500 itamtosha kwenda na kurudi, na akiba itabaki.

Hapa nawasihi wasomaji: msinunue betri iliyoungwa na mtu msiyemjua kwa seli za kompyuta zilizotupwa. Mwaka 2023 mioto ya betri za lithiamu iliua watu 18 mjini New York, na mwaka huohuo jiji hilo likapiga marufuku uuzaji wa baiskeli za umeme na betri zisizo na cheti cha usalama. Tumia chaja iliyokuja na betri. Ukifika nyumbani iache ipoe kwanza, uichaji ukiwa macho, mbali na mlango wa kutokea. Usiiache juani.

Msimu wa mvua, kila waya unaoingia kwenye kidhibiti, yaani kisanduku kinachoongoza umeme wa mota, uachiwe kitanzi kinachoning'inia chini ya tundu lake, maji yadondokee hapo badala ya kuufuata waya hadi ndani. Na usipeleke baiskeli kuoshwa kwa mashine ya presha.

Pima upana wa bomba la krenki, aina ya ekseli ya nyuma, nafasi kati ya fremu na tairi, na nafasi ya betri ndani ya fremu. Andika vipimo hivyo kwenye karatasi uende nayo dukani. Muuzaji asiyejua vipimo vya mota anayokuuzia, usimpe pesa yako.