Kura ni ya Kila Raia

Zamani si kila mtu katika nchi yetu aliruhusiwa kupiga kura. Mwaka 1958 na 1959 ulifanyika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Serikali ya kikoloni iliweka masharti magumu. Mpiga kura alitakiwa awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au awe amesoma hadi darasa la nane, au awe na cheo fulani. Wakulima wengi hawakuwa na fedha hizo. Shule nazo zilikuwa chache. Kwa hiyo watu wengi walilipa kodi, lakini hawakuchagua.

Baada ya Uhuru masharti hayo yaliondolewa. Lakini watu wazima wengi walikuwa hawajui kusoma. Je, wangelitambuaje jina la mgombea? Katika uchaguzi wa mwaka 1965 ilitumiwa njia rahisi. Mgombea mmoja wa ubunge alipewa alama ya jembe. Mwenzake alipewa alama ya nyumba. Nani asiyejua jembe? Nani asiyejua nyumba? Asiyejua kusoma alichagua sawasawa na mwalimu.

Siku hizi karatasi ya kura ina picha ya mgombea na alama ya chama chake. Katiba yetu inampa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura. Hata hivyo, wapo wanaobaki nyumbani siku ya uchaguzi. Tumfikirie bibi mmoja asiyeona. Mjukuu wake anamwambia, "Bibi, twende tukapige kura." Bibi anajibu, "Nenda wewe, mjukuu wangu. Mimi sioni. Nitawekaje alama?"

Bibi huyu hajaambiwa kwamba sheria inamruhusu kwenda na msaidizi. Yeye mwenyewe ndiye anayemchagua mtu anayemwamini. Msimamizi wa kituo hawezi kuwa msaidizi wake, wala wakala wa chama. Msaidizi huweka alama pale anapoambiwa, si pale anapopenda yeye. Akitoka nje, hutunza siri. Kipo pia kifaa chenye nukta nundu, yaani maandishi yanayosomwa kwa vidole. Asiyeona aliyejifunza kuyasoma anaweza kupiga kura peke yake.

Wazee, wagonjwa, watu wenye ulemavu, wajawazito na akina mama wenye watoto wachanga hutangulizwa mbele. Hawana haja ya kuogopa foleni. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni.

Sisi wanakisomo tufanye nini? Kwanza, tuwakumbushe majirani wajiandikishe mapema. Asiyekuwamo katika daftari hapigi kura, hata akifika kituoni alfajiri. Pili, tumwulize kila mzee na kila mgonjwa atafikaje kituoni. Pengine baiskeli moja inatosha. Tatu, tusimwambie mtu amchague nani. Kumfikisha mtu kituoni ni kumsaidia. Kumchagulia ni kumnyang'anya kura yake.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini watu wengi hawakupiga kura mwaka 1958?
2. Alama ya jembe na ya nyumba zilisaidia nini?
3. Katika kijiji chetu, ni nani anayeshindwa kufika kituoni? Tutamsaidiaje?